Mtoto Ahamie Lini Kutoka Maziwa ya Kopo Kwenda Maziwa ya Ng'ombe?



Wiki iliyopita nilipanda Momela kwa kazi ya uhimilishaji. Mwenye ng'ombe ni kijana wa miaka 27. Analima nyanya za umwagiliaji na ana ng'ombe wawili chotara wa Friziani. Nikiwa nanawa mikono, akanisogelea taratibu.

"Dokta, samahani, hili swali si la ng'ombe. Ni la mtoto."

"Sema tu, kijana wangu."

"Mtoto wetu ametimiza miezi saba. Mama yake maziwa yalikauka mapema, tunamlea kwa kopo. Kopo lenyewe siku nne limeisha. Mama yake siku hizi anapunguza kijiko kimoja ili lifike mbali. Na mimi hapa nakamua lita kumi na nane kwa siku nawauzia watu wa mjini. Kwa nini nisimpe mwanangu maziwa ya ng'ombe, nikaachana na hayo makopo?"

Swali zuri, na sikutaka kulijibu nimesimama. Niliwahi kulijibu hivyo miaka ya nyuma nikajuta. Mama mmoja mteja wangu aliniuliza hilohilo, mtoto wake akiwa na miezi mitano. Nikamwambia harakaharaka: maziwa ni chakula kamili, ongeza maji kidogo, mpe. Miezi minne baadaye nilimkuta yule mtoto viganja vimepauka, hachangamki, hana hamu ya kula. Kliniki walipompima damu ilikuwa imeshuka vibaya. Alitibiwa akapona, lakini ushauri ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo nikaona vijana wanaofuga kibiashara wanahitaji kulijua jambo hili vizuri, kwa ajili ya watoto wao na kwa ajili ya wateja wao.

Niweke wazi: mimi ni afisa mifugo, si daktari wa watoto. Ya mtoto nayaeleza kama wataalamu wa afya wanavyoelekeza, na neno la mwisho ni la kliniki yenu. Ya ng'ombe na maziwa yake, hayo ni yangu.

Jibu kwa kifupi

Tangu kuzaliwa hadi miezi 6: ziwa la mama peke yake. Ikishindikana kabisa, maziwa ya kopo ya umri huo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Maziwa ya ng'ombe hapana, hata ukiyachanganya na maji.

Miezi 6 hadi 12: anaanza chakula, na anayenyonya aendelee kunyonya. Asiyenyonya abaki kwenye kopo kama mnalimudu. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanaweza kuingia kidogo kwenye uji, au kama mtindi kidogo, lakini yasiwe ndiyo kinywaji chake kikuu.

Mwaka mmoja na kuendelea: hapo ndipo pa kuhama. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, yasiyoenguliwa malai, kwa kikombe. Mtoto anayenyonya bado aendelee na ziwa la mama hadi miaka 2 au zaidi, na maziwa ya ng'ombe yawe nyongeza.

Kwa nini si kabla ya mwaka? Mwangalie ndama

Maziwa ya kila mnyama yametengenezwa kwa mtoto wa mnyama huyo. Ndama akilishwa vizuri uzito wake wa kuzaliwa unakuwa maradufu ndani ya miezi miwili hivi. Mtoto wa binadamu huchukua miezi minne hadi mitano. Kwa hiyo maziwa ya ng'ombe yana protini mara tatu ya maziwa ya mama: gramu 3 na kidogo kwa kila mililita 100, wakati ya mama yana kama gramu 1. Chumvi zake nazo ni nyingi. Figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa, na zinahitaji maji mengi kutoa huo mzigo. Siku akipata homa au akiharisha, anakaukiwa maji upesi.

La pili ni madini chuma, yanayotengeneza damu. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji kama miligramu 10 kwa siku. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe ina kama nusu miligramu, na hata hiyo utumbo hauifyonzi vizuri. Isitoshe, kwa baadhi ya watoto wa chini ya mwaka maziwa ya ng'ombe husababisha utumbo kuvuja damu kidogokidogo, damu usiyoiona kwa macho kwenye choo. Kwa hiyo chuma kinachoingia ni kidogo na damu nayo inatoka. Ndicho kilichomkuta yule mtoto wa mteja wangu. Na maji niliyomwambia aongeze hayakusaidia: yalipunguza protini, sawa, lakini yalipunguza na mafuta na nguvu, na chuma hayakuongeza.

Sasa kwa nini mwaka mmoja? Hapa mfugaji ataelewa haraka kuliko mtu mwingine. Ndama hatumwachishi maziwa kwa kuangalia kalenda peke yake. Tunaangalia kama anakula chakula cha ndama karibu kilo moja kwa siku, siku kadhaa mfululizo, maana hapo tumbo la kucheua limeshafunguka. Mtoto naye ni hivyohivyo. Akifika mwaka, utumbo na figo vimekomaa zaidi, na kikubwa ni kwamba anakula chakula cha nyumbani. Chuma anakipata kwenye maini, nyama ya kusaga, dagaa, maharage na mboga za majani, na kipande cha papai au chungwa kinasaidia mwili kukifyonza. Maziwa hayabebi tena mlo wote. Yanakuwa sehemu ya mlo.

Ukielewa hilo utaelewa pia kwamba mtoto wa mwaka mmoja ambaye bado hali kitu ila maziwa, hajawa tayari hata kama kalenda inasema yuko tayari. Mpeleke kliniki kwanza.

Kama kopo halinunuliki kabisa

Wengine mtaniambia, dokta, maneno mazuri lakini hela haipo. Nawaelewa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linasema mtoto wa miezi 6 hadi 11 asiyenyonya anaweza kupewa maziwa ya kopo au maziwa ya mnyama. Kwa mtoto wa miezi 12 hadi 23 asiyenyonya linasema apewe maziwa ya mnyama, na halishauri yale maziwa ya kopo ya watoto wakubwa.

Kwa hiyo baada ya miezi 6 mlango haujafungwa. Lakini una masharti: maziwa yachemshwe, mtoto ale vyakula vya chuma kila siku, na kliniki wajue ili wampime damu na kumpa dawa ya kuongeza chuma ikihitajika.

Kitu kimoja kisifanyike kwa hali yoyote: kupunguza kijiko. Kopo lililozimuliwa linamshibisha mtoto maji. Anaonekana ameshiba huku anakonda. Afadhali kwenda kliniki mkasema ukweli kwamba kopo limewashinda, mkapangiwa namna nyingine.

Na hivi navyo si mbadala wa maziwa ya mtoto: maziwa mazito ya sukari ya kopo, unga wa kuweka kwenye chai, na chai ya maziwa yenyewe. Majani ya chai yanazuia hicho chuma kidogo alichokula.

Maji ya Momela

Huku kwetu neno maziwa lina maana mbili. Ukisema maziwa ya Momela, mgeni anafikiria flamingo. Na hayo yenye flamingo ndiyo yanayotukumbusha shida yetu: miamba ya volkano ya Meru imejaa floraidi, na maji yanayopita humo yanaibeba. Kuanzia Maji ya Chai, Ngurdoto, hadi Ngarenanyuki, meno ya kahawia tunayaona kila siku, na tumezoea hadi tunayaona ya kawaida.

Mtu anayemlea mtoto kwa kopo anamlea kwa maji, maana unga ni kidogo, kilichobaki ni maji. Tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Chukua chanzo chenye miligramu 3 kwa lita, ambacho kwa upande wetu si cha ajabu. Mtoto anayetumia mililita 600 za maji hayo kwa siku anapata miligramu 1.8. Wataalamu wa Marekani wameweka ukomo wa miligramu 0.9 kwa siku kwa mtoto wa miezi 7 hadi 12. Amezidisha mara mbili, na huo ndio umri ambao meno yake ya utu uzima ya mbele yanajengeka ndani ya fizi. Utayaona akiwa darasa la kwanza au la pili, na hapo huwezi kurudi nyuma.

Usidanganyike kwamba kuchemsha kunatoa floraidi. Kunaua vijidudu tu. Floraidi inabaki, tena inazidi kukolea kwa sababu maji yamepungua.

Fanya hivi. Kinga maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, yanayofuata yaingie kwenye tangi lenye mfuniko, na tangi hilo liwe la mtoto na la kupikia chakula chake. Yachemshe kabla ya kuchanganya. Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa, ambao Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa yenyewe ni ya ng'ombe, iliyochomwa kwa utaalamu. Usijaribu kuichoma mwenyewe jikoni. Nenda ukaulize, na upeleke maji yako yapimwe.

Na magadi usiweke kwenye kiburu au makande ya mtoto. Magadi ya huku kwetu yana floraidi pia.

Habari njema kwa mfugaji: ng'ombe wako akinywa maji hayo, meno yake yanaweza kuharibika, lakini floraidi inayopita kwenda kwenye maziwa ni kidogo sana. Kwa hiyo mtoto akihama kutoka kopo kwenda maziwa ya ng'ombe akiwa na mwaka, unampunguzia na floraidi pia. Ila ukiongeza maji ya bomba kwenye maziwa, umeirudisha.

Je, ng'ombe wako yuko tayari?

Watu huuliza kama mtoto yuko tayari. Mimi nauliza na ng'ombe. Kabla maziwa ya ng'ombe wako hayajawa ya mtoto, hakikisha haya:

1. Ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu. Vyote viwili vinaingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi. Daktari wa mifugo achukue damu apime ugonjwa wa kutupa mimba, na afanye kipimo cha ngozi cha kifua kikuu. Ng'ombe mgeni apimwe kabla hajaingia zizini.

2. Ugonjwa wa kiwele. Kila asubuhi kamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi uangalie mabonge, maji au damu. Ukiyaona, maziwa hayo si ya mtoto na si ya kuuza.

3. Dawa. Ukimtibu ng'ombe kwa antibiotiki, soma kwenye chupa siku za kusubiri, ziandike ukutani, zihesabu. Mabaki ya dawa hayatoki kwa kuchemsha. Najua inauma kumwaga maziwa. Inauma zaidi mtoto akinywa dawa asiyoandikiwa.

4. Sumukuvu. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti yenye ukungu vinapitisha sumu hadi kwenye maziwa, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, kwa hiyo si hadithi. Magunia yakae juu ya mbao, pakavu. Yenye ukungu tupa, usimpe ng'ombe ukidhani yeye ni dampo.

5. Dang'a. Maziwa ya siku za mwanzo baada ya kuzaa ni ya ndama. Yaache kwake.

Kuchemsha

Tumia sufuria safi yenye mfuniko. Yakipanda usikimbilie kuepua. Punguza moto, koroga, yaache yachemke dakika mbili tatu. Funika, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi yapoe haraka. Kama huna friji, ya mtoto yachemshe asubuhi na jioni, yasilale. Na usienguе malai: mtoto wa chini ya miaka 2 anahitaji mafuta yale kwa ubongo na uzito.

Namna ya kumhamisha

Usibadilishe kwa siku moja, kama ambavyo hubadilishi chakula cha ng'ombe kwa siku moja. Siku tatu nne za kwanza badilisha mlo mmoja tu wa maziwa, wa mchana, ili ukiona shida iwe kukiwa kumekucha. Akikubali, badilisha wa pili. Ndani ya wiki moja hadi mbili kopo limeisha kazi. Tumia kikombe. Chupa ni ngumu kusafisha, na mtoto anayelala na chupa ya maziwa mdomoni anaoza meno.

Kiasi ni kama nusu lita kwa siku, yaani vikombe viwili. Usizidishe kwa furaha ya kuwa na ng'ombe. Anayejaza tumbo maziwa anakataa chakula, na upungufu wa damu unarudi kwa mlango wa nyuma. Choo kikiwa kigumu kidogo, mwongezee maji salama na matunda. Lakini ukiona damu kwenye choo, vipele mwili mzima, kutapika kusikoisha au kupumua kwa shida, acha maziwa na uende hospitali hapohapo.

Tuongee hesabu

Kopo la gramu 400 linatoa kama lita 3 za maziwa. Mtoto anayekunywa mililita 700 kwa siku analimaliza kwa siku nne na kitu, yaani makopo kama 7 kwa mwezi. Weka bei ya dukani kwenu utaona. Akifika mwaka, nusu lita kwa siku ni lita 15 kwa mwezi. Yule kijana anakamua lita 18 kwa siku. Mwezi mzima wa mtoto haufiki hata maziwa ya siku moja! Kwa hiyo usiuze maziwa yako ili ununue kopo la mtoto wa mwaka na nusu. Lakini ziandike lita hizo 15 kwenye daftari kama matumizi ya nyumbani, kwa bei unayouzia. Biashara isiyoandika inachoila haijui faida yake.

Na wewe unayeuza, mteja akisema maziwa ni ya mtoto, muulize ana umri gani. Kama hajafika mwaka, mwambie aende kliniki kwanza. Unaweza kupoteza nusu lita leo, lakini mama huyo hatakuhama miaka kumi. Na usiongeze maji. Laktomita itakuumbua kiwandani, lakini mtoto hana laktomita.

Yule kijana tulimalizaje?

Tulikubaliana mambo manne. Kijiko kirudi kwenye kipimo siku ileile. Tangi dogo la mvua lililokuwa la kunyweshea kuku, lioshwe liwe la mtoto. Kesho yake wampeleke kliniki wakamweleze nesi kila kitu. Na mimi nikachukua damu ya ng'ombe wote wawili ikapimwe.

Kisha tukakaa na daftari, maana kuna kitu alikuwa hajakiona. Ng'ombe niliyempandisha siku ile akishika mimba, mtoto atafikisha mwaka ng'ombe akiwa na mimba ya miezi mitano, bado anakamuliwa. Mtoto akifika miezi 14, ng'ombe huyo lazima akaushwe miezi miwili kabla ya kuzaa. Kama wa pili angepandishwa wiki ileile, nyumba ingekosa maziwa miezi miwili mtoto akiwa ameshahama. Kwa hiyo wa pili tutamsogeza mbele miezi mitatu.

Alicheka. "Kumbe unampangia na mtoto, dokta."

Nikamwambia ndiyo, na naye ni mteja wako. Tena wa kwanza.

Kazi njema, tuonane zizini.